Nilivyomponza mjukuu wangu kwenye timu ya softball Marekani, nikalazimika kumwomba radhi kocha wake

Wakuu,

Nimeambiwa kwamba humu ndani kila mtu ni mkuu. Sawa. Lakini wengi wenu nimewazidi umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Mimi ni binti wa Barnaba Chikoti, aliyezaliwa Lisekese, Masasi, na wa Agnes Namkuva, aliyezaliwa Kitangari, Newala. Nilizaliwa Chilangala, huku huku Newala, na ningali Chilangala. Kaka zangu walisomeshwa misheni. Mimi nilibaki na mtungi wa maji.

Anayeandika ni mjukuu wangu Roida. Ninasema, anaandika, kisha ananisomea. Nikisikia neno ambalo sikulisema, analifuta. Alitaka kupachika vikatuni vya kucheka, nimemkataza.

Ninayoyaeleza yamenitokea mwenyewe, na ile sehemu inayoniaibisha sikuiruka.

Roida ana dada yake, Felista, anayesoma chuo Marekani. Aliyempeleka ni mpira. Alipokuwa sekondari Masasi, mwalimu mmoja aliwafundisha wasichana mchezo uitwao softball, naye akawa hodari hadi akapata ufadhili wa masomo.

Kwa msioujua: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia. Kuna vituo vinne. Ukivizunguka vyote, timu yako imepata pointi moja. Mpira ukikutangulia kituoni, umetolewa, unarudi kwenye benchi.

Msimu wao huanza Februari na kwisha Mei. Kwetu huo ni wakati wa palizi hadi kuvuna mahindi, kwa hiyo msimu wote niliufuata nikiwa na jembe mkononi. Felista alituma vipande vya video, nasi tulivitazama tukitoka shambani. Niliweka sheria kwamba mtu asinitangulizie matokeo. Roida aliivunja mara moja; siku hiyo aliteka maji peke yake.

Sasa nifike kwenye kosa.

Katika video hizo niliona jambo lisilonipendeza. Wenzake Felista walikuwa wakipiga mpira ukaruka mbali. Yeye alishika rungu kwa mikono miwili, akaugusa tu mpira, ukaanguka karibu na miguu yake. Akatolewa. Mechi iliyofuata, vilevile. Tena alipokuwa akirudi benchi, wenzake walisimama wakampigia makofi.

Nilidhani wanamzomea.

Jirani yangu Mama Zuhura ni Myao, nasi ni watani, kwa hiyo ulimi wake hauna kufuli mbele yangu. Alitazama video ile akaniambia, kwa jina la mwanangu niliyemrithisha jina la baba, “Mama Barnaba, mjukuu wako amevuka bahari ili akatolewe? Si angebaki hapa, tungemtoa bure.”

Nilicheka kama utani unavyodai, lakini moyoni liliniingia.

Asubuhi yake nilimwambia Roida ashike simu, nikatuma ujumbe wa sauti: “Felista, binti wa nyumba hii hagusi mpira kama anayeonja uji wa moto. Piga. Nimesema piga.”

Wakuu, mtoto wetu alipiga.

Kocha alikuwa amempa ishara ya kugusa. Yeye akafuata ujumbe wa bibi yake, akapiga kwa nguvu zote, mpira ukamwendea adui moja kwa moja. Wakatolewa wawili kwa mpigo, yeye na mwenzake aliyekuwa kituoni. Timu ikafungwa. Kocha alipomuuliza kwa nini amekaidi, Felista alinyamaza, kwa kuwa hakutaka kunitaja. Akaambiwa akae benchi, na kwamba huenda asicheze tena msimu huo.

Alipiga simu akilia. Nilimwuliza nani amemfanyia hivyo.

“Wewe, Bibi,” akasema.

Sikuzoea kujibiwa hivyo. Lakini nilimwacha aeleze, na akaeleza vizuri. Kocha humwambia auguse mpira makusudi, ili maadui wahangaike naye, wamtoe yeye, na wakati huo mwenzake aliyetangulia asogee kituo cha mbele. Yeye anakufa, mwenzake anafika. Kazi hiyo hupewa mtu mwenye mkono uliotulia. Yale makofi yalikuwa shukrani.

Nilimrudishia Roida simu.

Nilikumbuka kisima cha bondeni. Enzi zetu, kabla ya mabomba, tuliteremka alfajiri na kupanga mitungi foleni. Maji yalitoka kidogo kidogo kama machozi. Sheria ilikuwa moja: akija mwenye mwanamke aliyejifungua, au msiba, nyumbani kwake, aliye mbele anampisha. Nami nimewahi kupisha, nikapandisha mlima na mtungi mtupu, na mama yangu hakunigombeza. Wanawake wote njiani waliniamkia kama mtu mzima.

Jambo ninalolijua tangu utoto, nilishindwa kulitambua kwa sababu limevaa kofia na viatu vya njumu.

Basi nikatuma ujumbe mwingine, huu kwa kocha, Felista amtafsirie. Kocha huyo ni mwanamke mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilisema:

“Mwalimu, mimi ni bibi yake Felista. Hakukudharau. Mimi ndiye niliyemwamrisha, na kwetu mtoto hamkatalii bibi yake. Kosa ni langu, naomba radhi. Kama kuna adhabu, niadhibu mimi. Nipo Chilangala.”

Roida alinitazama kama aliyeona jiwe likitembea. Nikamwambia atume.

Kocha aliusikiliza, kisha akaomba timu nzima iusikie, kwanza kwa Kiswahili changu, ndipo kwa tafsiri. Akajibu kwamba hata bibi yake alikuwa akisimama nyuma ya uzio akitoa amri, mpaka siku moja mwamuzi akamfukuza uwanjani. Felista atarudi, lakini aishindanie nafasi yake mazoezini. Na adhabu yangu nimepewa: nitazame mechi zilizobaki bila kutoa amri hata moja.

Mechi ya mtoano ilichezwa kwao asubuhi, kwetu saa kumi na mbili jioni. Atakayeshinda anaendelea, atakayeshindwa anafunga mabegi. Tuliitazama moja kwa moja, uani, mimi, Roida na Mama Zuhura, kando ya mahindi yaliyoanikwa.

Zikawa pointi mbili kwa mbili. Mwenzake Felista akafika kituo cha tatu. Felista akaitwa.

Maneno yalinijaa kinywani. Niliuma pindo la kanga. Mama Zuhura akamwambia Roida, “Mpigie picha bibi yako. Amefungwa mdomo na Mmarekani.”

Felista akashika rungu kwa mikono miwili. Akaugusa. Mpira ukabingirika taratibu kwenye nyasi. Maadui wakaukimbilia, wakamtoa Felista. Lakini mwenzake alikuwa ameshaingia. Tatu kwa mbili.

Alirudi benchi akiwa ametolewa, na timu nzima ikamwinua juu.

Wapinzani walipata zamu yao ya mwisho, wakatolewa watatu mfululizo, na watatu wakitolewa zamu imekwisha. Mama Zuhura ndiye aliyeanza vigelegele, kisha akamkamata jogoo wangu kwa haki ya utani, akasema ni ada ya kushangilia. Sikumzuia. Nilicheza ngoma ya miguu yangu mibovu mpaka Roida akaniletea kigoda.

Nilichojifunza ni kifupi. Mzee, uliza kwanza, ndipo uamrishe. Na ukikosea, sema umekosea mbele ya wale wale waliokusikia ukiamrisha.

Nanyi nijibuni: nani kati yenu amewahi kuombwa radhi na mzazi wake au bibi yake? Ilikuwaje? Nitasomewa majibu yote, na wasio na adabu nitawajua.

Roida, usizime kwanza. Ule ujumbe wangu kwa kocha uhifadhi kama ulivyo, na kikohozi changu humo. Wajukuu watakaokuja wausikie. Video uliyotuchukua tukishangilia, simu ikijaa, ifute.

Ile ambayo Felista anatolewa, itunze.