Mama na Herufi Iliyokataa Kwenda Makka

Mama aliponipigia simu nilikuwa Chekalini, nikiwapikia vibarua wa palizi. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia niko njiani. Hilo ndilo jibu langu la siku zote. Nimewahi kuwa njiani nikiwa Mombasa nauza mitumba, njiani nikiwa Kitale, njiani hata nilipokuwa Isecheno, karibu kabisa na kwake, nikiwapikia wanafunzi waliokuja kuhesabu kima msituni. Mama hakunisuta. Alisema tu, "Basi ukifika utakuta mimi ndio nasafiri."

Nilifika haraka kuliko kawaida yangu. Nilitaka kuona kwa macho. Mimi ndiye niliyezaliwa na miguu inayowasha katika nyumba ile, na katika miaka yangu arobaini na kitu sijawahi kuvuka mpaka wa Malaba. Yeye, ambaye Kisumu ni safari ya kuaga majirani, alikuwa na pasipoti mpya juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Mjomba wangu, kaka yake, alikuwa amewaandikisha wote wawili katika kundi la mahujaji. Mimi niliitwa kuja kuangalia ng'ombe.

"Umezunguka Kenya nzima," Mama aliniambia akinimiminia chai, "na hujawahi kuulizwa picha ya pasipoti. Mimi nimekaa hapa nikichunga ng'ombe, nimeulizwa."

Nilikunywa chai.

Jumamosi nikamsindikiza darasani. Mahujaji walikuwa wakifundishwa kwenye msikiti wa mjini Kakamega, wanaume mbele, wanawake, mimi na Mama kati yao, nyuma ya pazia, na mwalimu alikuwa ustadh kijana, mtoto wa hapa hapa, aliyekwenda kusoma pwani akarudi na herufi zilizopigwa pasi. Siku hiyo walijifunza yale maneno ambayo hujaji huyasema njia nzima tangu anapotia nia. Ustadh alisema, "Labbaika Allahumma labbaik." Wakaitikia. Aliwakumbusha wanawake kwamba wao husema kwa sauti ya chini, ya kujisikia wenyewe tu.

Mama yangu hana sauti ya chini. Anayo moja, ile ya kumrudisha ng'ombe kutoka shamba la mtu. Kwa hiyo msikiti wote ulimsikia akisema, "Rabbaika Arrahumma rabbaik."

Hapa niseme kitu kuhusu sisi. Kwetu L na R ni majirani wanaotembeleana bila kubisha hodi. Mama huita kalamu karamu, na karamu huiita kalamu, kwa hiyo si kwamba herufi moja hana. Anazo zote mbili, ila kila moja imezoea kulala kwa mwenzake. Mimi mwenyewe, siku zangu za kwanza Mombasa, nilimwambia mwenye duka kwamba naenda kura mchana, akaniuliza kwani uchaguzi ni lini. Nikiandika kila R ya Mama kama anavyoitamka, msomaji hatafika mwisho wa ukurasa, kwa hiyo nitaziandika pale tu zinapoleta shida.

Siku ile zilileta. Baada ya darasa ustadh alikuja upande wetu, akachutama kwa adabu.

"Mama, lile neno la kwanza. Tulirudie kidogo."

Mama akalirudia. Lilitoka vile vile.

"Iko tofauti gani?" Mama aliuliza.

"Si kubwa sana, Mama. Tutafanya mazoezi."

"Kama si kubwa ungeenda nyumbani. Niambie."

Ustadh alinitazama mimi, kana kwamba naweza kumsaidia. Sikuweza. Nimemjua mama yangu muda mrefu zaidi yake.

"Labbaika ni kuitikia," alisema. "Unamwambia Mwenyezi Mungu nimeitika, niko hapa kwa ajili yako. Sasa ukisema rabbaika..." Akakohoa. "Kwa Kiarabu inakuwa ni mola wako wawili."

Mama alishika njia ya nyumbani. Alitembea mbele yangu, mkoba umebanwa kwapani, na mimi nyuma nikijua anachofikiri, maana ustadh alikuwa ameeleza maana ya sentensi nzima. Kinachofuata baada ya lile neno ni kusema kwamba Mungu hana mshirika. Yaani Mama angesafiri angani, afike mbele ya Nyumba yenyewe, ampe Mungu pacha, halafu hapo hapo aape kwamba hana mwenzake.

Tulipofika alivua viatu akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Mwambie mjomba wako anitoe. Dada yangu achukue nafasi yangu. Ulimi wake umenyooka."

"Mama, dada yako anaitanga lori roli."

"Lakini haendi kumwambia Mungu habari za lori."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hapo nikajua si utani. Mama hutishia kuacha mambo kila wiki: kuacha chai, kuacha kuongea na mjomba, kuacha ng'ombe ajitafutie. Safari hii sauti yake ilikuwa imepungua, na mama yangu akipungua sauti, kitu kimevunjika.

Jioni alitandika mswala akasimama kwa ajili ya magharibi, na hakuanza. Alisimama tu, mikono ubavuni. Nikamuuliza kama kiuno kinamuuma.

"Nawaza zile zingine," alisema bila kugeuka. "Tangu nikiwa msichana Mumias. Kama hili neno moja limepotoka, zile swala zote nilizosali, zilifika wapi?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu vizuri. Lakini mimi na mswala tumekuwa tukionana kama nilivyokuwa nikionana na Mama: nikiwa njiani. Nilichoweza ni kumwambia, "Zingekuwa hazifiki, si zingerudishwa?" Akasema hayo ni maneno ya mtu anayetumanga mizigo kwa basi. Lakini aliinua mikono akaanza, polepole, akitafuna kila herufi kabla ya kuiachia.

Siku zilizofuata tulijaribu kila njia. Nilimpa kioo aone ulimi wake unakwenda wapi, akaona jino linalohitaji kung'olewa, tukapoteza asubuhi kwa hilo. Nilimwimbisha la-la-la kama mtoto wa nasari. Aliimba vizuri kabisa, na nilipomwambia aongeze "bbaika" ikatoka "rabbaika", safi, imara, kama imepigiliwa misumari. Kadiri alivyoiogopa ndivyo ilivyomjia. Ustadh alimpigia simu akamwambia Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na Mama akamjibu kwa heshima zote kwamba uwezo anao, ni ulimi ndio mkaidi. Kisha akaniuliza kwa mara nyingine kama nimeshamwambia mjomba. Nilisema mtandao unasumbua.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kabras, mwimbaji wa kwaya katika kanisa lake. Mama humwita Mama Kwaya, naye tangu pasipoti ionekane humwita Mama Hajjati, kwa kumtania kwanza, halafu kwa mazoea. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nasonga obusuma, ugali wetu, Mama yuko zizini anakamua, na Mama Kwaya akaja kwenye ua akiwa na chupa yake ya maziwa.

"Mama Hajjati!"

"Labeka!" Mama akaitika kutoka zizini.

Mwiko ulinisimama mkononi. Nilitoka jikoni na unga hadi kwenye viwiko.

"Mwite tena," nikamwambia Mama Kwaya.

"Si ameitika?"

"Mwite tu."

"Mama Hajjati!"

"Labeka, nimesema! Huyu ng'ombe ana mateke leo."

L ile ilikuwa imenyooka kuliko ya ustadh. Nilikwenda zizini nikamuuliza Mama hilo neno alilipata wapi. Alinishangaa. Akasema nyanya yake wa Mumias ndiye aliyemfundisha, kwamba msichana wa Kiislamu akiitwa haulizi "nini?" wala hasemi "eeh" kama mbuzi, huitika labeka, na aliyekosea aliitwa tena na tena mpaka apatie. Mama naye alitufundisha hivyo sisi wanawe sote tukiwa wadogo. Mimi ndiye niliyeacha nilipoanza kusafiri, kwa sababu huko watu walinicheka.

"Mimi nilidhani ni Kiwanga, lugha yenu ya Mumias," alisema Mama Kwaya kutoka kwenye ua. "Nilidhani ni kusema ngoja. Kwa sababu yeye husemanga labeka, halafu anakaa huko mpaka chai yangu inapoa."

Nilimpigia simu ustadh hapo hapo, simu imejaa unga. Nikamuuliza kama labeka na labbaika wanajuana. Nikasikia akicheka kwa pua.

"Ni neno lile lile," alisema. "Lilikuja na lugha, likabaki majumbani. Nimelisema maisha yangu yote na sikulifikiria."

Nikamweleza Mama. Alibaki ameshika kiwele cha ng'ombe bila kukamua, na ng'ombe naye akatulia, jambo la nadra.

"Kwa hiyo kule ni kuitwa tu," alisema mwishowe.

"Ni kuitwa tu."

"Na mimi naitika."

"Unaitika."

"Mbona ustadh hakusema hivyo tangu mwanzo? Yeye alisema tukariri."

Kuanzia siku hiyo mazoezi yakawa ya ua. Mama hakuruhusiwa kusoma wala kukariri, aliruhusiwa kuitwa tu. Mimi nilijaribu kumwita lakini alisema sauti yangu inamkumbusha madeni ya dukani, kwa hiyo kazi ikamwangukia Mama Kwaya. Alikuwa anaita akianika nguo, akipepeta maharagwe, na Mama popote alipo anajibu labeka, halafu labbaika, halafu anavuta pumzi na kuendelea na maneno yaliyobaki. Hayo mengine yalifuata yakichechemea. "Sharika", yaani mshirika, iligeuka "shalika" mara moja moja, lakini neno la kwanza lilisimama, na Mama alisema mlango ukifunguka, mengine yatajibana yaingie.

Siku ya tatu Mama Kwaya alisimamisha kuanika.

"Ngoja kwanza. Kama huyu anaitika maneno ya Mungu, na mimi ndio naita, mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni jirani," Mama alimjibu. "Usijipandishe. Ita."

Akaita. Nadhani ni yeye pekee katika kwaya yao aliyewahi kumwandaa mtu kwenda Makka, na nasikia amelieleza jambo hilo kanisani mpaka mchungaji akamwomba apumzike.

Mjomba alikuja kumchukua Mama asubuhi. Hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na habari ya kutolewa kwenye orodha, kwa sababu mtandao wangu haukupona. Mama alinipa maagizo ya ng'ombe mara nyingi kuliko alivyoniaga, akamkumbatia Mama Kwaya, akaondoka. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyebaki kwenye lango nikitazama mgongo wa mtu. Si jambo la kupendeza. Nilirudi ndani nikapika chai ya watu wawili, nikainywa yote.

Simu yake ilikuja siku ya Idi, nikiwa namnyonyoa kuku. Alikuwa Mina, kambi ya mahujaji nje ya Makka, hemani, na nyuma yake kulikuwa na kelele kama soko. Nilimuuliza afya, miguu, chakula. Alijibu juu juu. Nikajua ana kitu.

"Umesema?" nikamuuliza.

"Nimesema. Jana kutoka Mina mpaka Arafa, ndani ya basi. Kwa sauti ya chini."

Sikubishana naye kuhusu sauti ya chini.

"Ikatoka vizuri?"

"Sikiliza basi. Nilikaa na mama mmoja wa Uganda, mtu mzima kama mimi. Mara namsikia anasema rabbaika. Nikamhurumia. Nikamshika mkono, nikamwambia, dada yangu, usisome, itikia kama unaitwa. Nikamwonyesha."

"Akapatia?"

"Alinitazama, mwanangu. Akasema yeye ndiye anasema sawa. Akasema mimi ndio nasema rabbaika tangu tutoke hemani, na alikuwa amenyamaza kwa heshima tu."

Niliweka kuku chini.

"Tukabishana," Mama alisema. "Yeye anasema lake, mimi nasema langu, kila mmoja anamrekebisha mwenzake. Basi zima linaitikia, na sisi tunafundishana. Tulipofika Arafa kila mtu akashuka, na sisi pia tukashuka."

"Na hukuogopa?"

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya ile Jumamosi ya darasani.

"Ningeogopa nini? Kwani ni mimi niliyeita? Sisi wote wawili tumeitwa, na wote wawili tumefika. Sasa ni nani kati yetu atamwambia mwenzake arudi nyumbani?" Halafu akavuta pumzi. "Lakini wewe unazijua hizi herufi. Nisikilize, uniambie ukweli."

Akasema, pale pale kwenye simu, sentensi nzima. Kulikuwa na watu wanapita, upepo unapiga hema, mtoto analia, na mtandao safari hii ulikuwa unasumbua kweli. Neno la kwanza lilinifikia limekatika katikati. Lingeweza kuwa lolote kati ya yale mawili.

"Nimesikia vizuri kabisa, Mama," nikamwambia.

"Nilijua," alisema. "Kesho nitamwambia yule wa Uganda."