Siku Nilipokuwa Mkono wa Kwamboka

Nakumbuka asubuhi moja ya uchaguzi, mwanangu, nikiwa msichana mfanyakazi katika makao ya wazee karibu na Marani. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha, kuwapikia uji na kuwapeleka kanisani. Siku hiyo nilimsindikiza Mong'ina Kwamboka kwenda kupiga kura katika shule ya msingi. Mong'ina ndivyo tunavyowaita akina mama wazee kwetu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena.

Kaka yangu aligombea udiwani. Jioni iliyotangulia aliniambia, "Kalamu utaishika wewe. Yule bibi hataona kitu." Ningemkataliaje? Ndiye aliyenisomesha.

Kituoni niliapishwa kutunza siri, kisha tukaachwa peke yetu penye kona ya kupigia kura. Nikashika kalamu, nikanyamaza.

"Mbona kimya? Karatasi haina kitu?"

"Ina majina, Mong'ina."

"Najua kaka yako yumo. Alikuja kunisalimia na sukari. Sukari nimeila, ilikuwa tamu." Akacheka, kisha akanibana mkono. "Sasa nisomee majina yote, polepole, kama yalivyo. Kilichokufa ni macho. Mimi bado nipo."

Nikasoma yote. Alipotaja jina, niliweka alama hapo hapo, nikakiongoza kidole chake apaguse. Karatasi aliikunja mwenyewe, akaitumbukiza mwenyewe. Njia nzima ya kurudi alisalimia watu, hata wale aliowasikia wakichuma majani chai shambani.

Jioni kaka akaniuliza, "Alinipa kura?"

"Muulize mwenyewe."

Alikwenda kweli! Mong'ina akamwambia alete sukari nyingine kwanza. Kaka alininunia mpaka mahindi yakavunwa. Mpaka leo sijamwambia, na wewe sikuambii.

Mwanangu, mtu akihamia makao ya wazee hajahama nchi. Dawa zikikosekana kwenye zahanati, au barabara ya Kebirigo ikiharibika, yeye huumia mapema kuliko wewe. Kwa hiyo kabla uchaguzi haujafika, nenda ukamuulize mmoja wao kama kitambulisho chake kipo, na aliandikishwa kituo gani. Wengi waliandikishwa mbali, na kuhamisha kituo kuna muda wake. Asiyeona ana haki ya kujichagulia mtu wa kumsaidia, na msaidizi husaidia mpiga kura mmoja tu. Ndiyo maana mnahitajika wengi. Mfanyakazi mmoja wa makao hawezi kuwatosha wote. Ukichaguliwa, usimharakishe. Msomee majina yote, hata lile linalokuudhi. Weka alama anapotaka yeye. Ukitoka nje, nyamaza.

Macho yangu nayo yameanza kuingia ukungu, na uchaguzi mwingine unakuja. Mungu akupe mkono mwaminifu, mwanangu. Na siku macho yako yatakapochoka, akuletee kijana atakayekusomea majina yote, polepole, kama yalivyo.