Maombi ya Mgongo Usiouma

Nilikuwa mwaka wa sita nikifundisha Siakago, mke wangu akibaki nyumbani Kibugu na watoto wetu wawili na shamba la majani chai. Kila Ijumaa nilipanda nyumbani, Jumapili nikarudi kazini. Kisha nikaitwa semina ya walimu mjini Meru, siku nne, na siku ya tatu nikalala na mwalimu mwenzangu niliyejuana naye huko huko. Tulitumia kondomu. Jambo hilo moja nililishikilia kana kwamba nilikuwa nimefanya la maana.

Ijumaa iliyofuata niliogopa kumkaribia mke wangu. Nikamwambia mgongo umenishika. Hakuuliza mara mbili. Alichemsha maji, akanilaza kifudifudi, akanichua kwa dawa, na vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa kuchuma majani tangu asubuhi. Nilificha uso kwenye mto.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikaenda zahanati moja Embu mjini ambako hakuna anayenijua. Muuguzi, mama wa rika la dada yangu mkubwa, alinisikiliza bila kukunja uso.

"Mlivaa mpira mwanzo hadi mwisho? Haukupasuka?"

"Haukupasuka."

"Basi hatari yako ni ndogo. Lakini kaswende na malengelenge yanaweza kupita pale ngozi inapogusana, mahali mpira haufuniki. Na leo ni mapema. Tutakupima, kisha urudi baada ya miezi mitatu, ndipo tuseme umemaliza."

"Na mke wangu?"

"Mwambie. Kwa sasa mtumie mpira, au mngoje."

Ningemwelezaje mpira mwanamke anayedungwa sindano ya kupanga uzazi? Nikachagua kungoja bila kumwambia, na mgongo wangu ukaendelea kuuma.

Mwezi wa pili wa kungoja, Jumamosi moja, nilikuta akina mama wa kanisa wamejaa sebuleni. Mke wangu alikuwa amewaita. Waliniketisha katikati, wakaniwekea mikono mgongoni, wakaomba kwa Kiembu, mmoja akilia. Hapo ndipo nilipojua kwamba mke wangu alikuwa akifunga kila Jumatano kwa ajili yangu. Walipomaliza nilisema "Amina".

Kipimo cha mwisho kilikuwa safi. Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilipanda nyumbani siku hiyo hiyo, nikamkuta shambani, kikapu mgongoni.

"Mgongo hauniumi," nikamwambia. "Haujawahi kuniuma." Kisha nikamweleza yote, semina na zahanati.

Aliendelea kuchuma kidogo, mikono ikipunguza mwendo mpaka ikasimama.

"Sasa mimi nilikuwa nafunga kwa nini, Mwalimu?"

Nikaanza kuchuma kando yake.

"Na mimi nitapimwa," akasema.

"Hakuna haja. Sijakugusa tangu siku ile."

"Hayo ni maneno yako."

Tulienda pamoja Jumatatu. Aliingia peke yake, akatoka na karatasi, akanipa niisome. Hakuwa na kitu. Njiani alizungumza habari ya karo na ng'ombe anayekaribia kuzaa, kwa sauti yake ya kawaida, nami nikaitikia. Mpaka leo hajaniuliza yule mwanamke alikuwa nani. Akina mama hajawaambia lolote. Kila Jumatano bado hali chakula cha mchana, na mimi siwezi kumuuliza sasa anamwombea nani.