Taulo ya Chumba cha Watoto Njiti

Ukiingia chumba cha watoto njiti bila kunawa, Maame Dufie alikuvua nguo kwa maneno, na cheo chako hakikumhusu. Siku moja Daktari Sekyere, mtu mzima na mvi zake, aliipita ile Veronika, ndoo yenye koki iliyosimama mlangoni, akasikia sauti mgongoni.

"Daktari! Hiyo mikono umetoka nayo wapi? Sokoni?"

"Nina haraka, Mama."

"Haraka ya kwenda kuua? Hebu rudi hapa!"

Akarudi, akanawa hadi viwikoni, wauguzi wakijibana mbavu wasicheke.

Maame Dufie alikuwa mhudumu tu, wa kupiga deki na kujaza maji, mwaka wa ishirini na mbili sasa katika hospitali ile ya mji mdogo nje ya Kumasi. Lakini chumba kile kilikuwa chake, asikudanganye mtu. Mwenyewe aliwahi kuzika njiti wake wawili, enzi zile hakuna aliyejisumbua kunawa, na tangu hapo uchafu wa mikono ulimtia wazimu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Karatasi za kukaushia mikono zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka. Jumamosi moja Sista Birago, muuguzi wa zamu, alikuja kazini moja kwa moja kutoka mazishini, kitenge chake chekundu na cheusi kikichungulia chini ya koti. Akanawa vizuri kabisa, halafu akajifuta kwenye kitenge hicho hicho kilichoshinda vumbini kutwa nzima. Maame Dufie nusura azirai. Kesho yake akaja na taulo nyeupe aliyoinunua mwenyewe, akaitundika kando ya ndoo. Kila jioni alikwenda nayo nyumbani, akaichemsha, akaipiga pasi, na asubuhi ikarudi inanukia. Mimi simlaumu. Ila ilikuwa taulo moja, na ikifika saa nne asubuhi ilishaloa chapachapa kwa mikono ya watu thelathini.

Wiki kadhaa baadaye, Jumatatu, mtoto wa kwanza alishikwa na homa. Akapewa dawa ya siku zote, haikufua dafu. Wakapanda ya pili, wakapanda ya tatu. Jumatano akafa. Alhamisi wakafa wawili, na Daktari Sekyere akatoka ofisini uso umemshuka.

"Hiki kijidudu ni sugu," akawaambia wauguzi. "Dawa zote za kabatini kimezizoea. Imebaki moja tu, nayo iko Accra. Nimeiagiza."

Wakabaki watoto watano. Mmoja alikuwa Afia, binti wa Pokuaa, muuza nyanya aliyekwisha kuharibikiwa na mimba tatu kabla ya hii. Afia alikuwa na wiki tatu na alianza kunenepa. Pokuaa alimkamata Maame Dufie kwenye korido.

"Mama, niambie ukweli. Wangu atapona?"

"Wako hana homa. Wewe nawa tu, mwanangu. Nawa kila unapomgusa. Mama mwenye mikono safi kama wewe sijamwona humu."

Na kweli, Pokuaa alinawa. Siku ile Maame Dufie alitangaza sheria mpya: kila mtu anawe mara mbili, akitoka na akiingia. Akasimama mlangoni kama askari. "Wewe! Mara ya pili iko wapi? Unafikiri sikuoni?" Wakanawa mara mbili, wakajifuta mara mbili. Ee Mungu wangu, ukifikiria jambo hilo mwili unasisimka.

Ijumaa akaja Adomako wa maabara na vijiti vyake vya pamba. Akapangusa vitanda, koki, mikono ya wauguzi. Alipoigusa taulo, Maame Dufie akacheka.

"Hiyo unaweza hata kuweka fufu juu yake ukala, bwana mdogo."

Jumatatu Adomako alirudi na karatasi, akaomba wazungumze pembeni. Asubuhi hiyo hiyo Afia alikuwa ameamka anachemka.

"Mama, vitanda viko salama. Koki iko salama. Kijidudu chenyewe kiko kwenye taulo. Mmoja anakiacha, wengine wote wanakichukua."

"Mwongo wewe! Naichemsha kila siku!"

"Jioni, Mama. Mchana kutwa je?"

Maame Dufie aliing'oa taulo msumarini, akaketi sakafuni nayo mapajani, akalia kwa sauti bila aibu. Sista Birago akamshika bega. "Tusiwaambie wazazi. Watatuua."

"Pokuaa nitamwambia mimi," akasema Maame Dufie.

Akamkuta Pokuaa kando ya mashine ya joto, Afia ndani yake analia kilio chembamba cha njaa. Akamweleza yote, hakujitetea hata kwa neno moja. Pokuaa alimsikiliza akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Yaani mimi niliyenawa kuliko wote," akasema taratibu, "ndiye niliyempa."

"Ni mimi, mwanangu. Si wewe."

"Analia, Mama. Nimshike au nisimshike?"

"Tunawe. Halafu tusijifute kwa chochote. Tunasubiri mikono ikauke yenyewe."

Wakanawa pamoja, polepole, hadi viwikoni. Wakarudi wakasimama mbele ya mashine, mikono juu, vidole vimetanuliwa, maji yakiwachuruzika mpaka kwapani. Mtoto akalia. Wakaipepea mikono. Akalia kwa kukatakata, kisha akanyamaza, na Maame Dufie, ambaye katika miaka yake humo alikuwa ameusikia ukimya wa aina mbili, wa usingizi na wa mauti, akajua huu ni upi.

Sista Birago alikuja mbio na Daktari nyuma yake. Walihangaika naye bure. Gari la Accra lilikuwa bado halijafika.

Pokuaa alikuwa amesimama palepale, mikono bado ameiinua, akiogopa kuishusha. Maame Dufie ndiye aliyemwambia kwamba sasa anaweza kumshika, hata kama haijakauka.