Ala ya Koleo Iliyogeuzwa Kuwa ya Afisa

Mimi hukusanya ala za bastola, mifuko ile ya ngozi ambayo wanajeshi wa zamani waliivaa kiunoni. Kinachonivutia hasa ni marekebisho yaliyofanywa vitani: kiraka, mshono wa mkono, mkanda uliohamishwa. Kwa hiyo Momanyi, muuza vitu vya kale mjini Kisii, aliponitumia picha ya ala "iliyokatwa na afisa katikati ya mapigano," niliondoka Nakuru kesho yake.

Kisii mjini, duka lake lilinuka rangi ya viatu. Ala ilining'inia nyuma ya kaunta, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, kifuniko kimekatwa nusu.

"Alikikata ili achomoe bastola haraka," alisema Momanyi, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Niliigeuza. Ukingo uliokatwa ulikuwa mweupe, kazi ya wembe wa juzi. Mshono wa pembeni ulikuwa wa nailoni. Afisa wetu alipigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa na uzi wa mabegi ya shule. Lakini kando ya mshono huo palikuwa na safu nyingine ya matundu, makubwa, yaliyozeeka, yasiyoshika kitu.

"Uliitoa wapi?"

"Kwa mama mmoja Nyansiongo. Ilikuwa na matambara, nikaisafisha."

Nyansiongo nilimkuta mama huyo, Mama Moraa, akiwakatia ng'ombe majani.

"Yule kijana alisema anaipeleka ipigwe picha tu," aliniambia. "Nilipoingia ndani kumletea chai, akakichana hiki na kukitupa uani."

Alinionyesha kipande cha turubai la kaki. Matundu yake yalilingana na yale niliyoyaona.

"Baba hakuwahi kupewa bastola," alisema. "Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, huko Burma, anatandaza nyaya za simu. Aliiokota ala hiyo, akaipanua aweke koleo lake la kukatia nyaya."

Basi hayo ndiyo yalikuwa marekebisho ya vitani. Momanyi alivitupa vita vyenyewe, akatushonea sinema.

"Unataka nini sasa, Mama?"

"Irudi nyumbani."

Tulirudi Kisii pamoja. Momanyi, bila haya, alianza tena habari za afisa. Mama Moraa alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo afisa aliitwa nani?"

Momanyi akaanza kuipangusa kaunta. Mama aliingia nyuma ya kaunta, akaitungua ala na kuitia mkobani.

"Mama, nimeifanyia kazi hiyo."

"Nimeiona kazi yako," alijibu, akatoka.

Nilirudi Nakuru mikono mitupu, nikiwa nimejifunza kuhusu sisi wakusanyaji jambo lisilopendeza: tunataka kila ala iwe ya shujaa mwenye bastola, na aliyetambaa matopeni na koleo tunamfuta kwa kiwi ya viatu. Kabla hatujaagana, nilimwomba Mama Moraa anionyeshe ala atakapoirudishia kiraka. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema atafikiria.