Nusu ya Pili ya Sala

Jumatatu ya Pasaka baba yangu alikuwa ameketi mlangoni akibandua nta iliyogandia vinara vya kanisa. Alikuwa katekista, na kazi hiyo aliifanyia nyumbani kwa kisu cha jikoni, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine nayo. Tulikaa mtaa wa Rwezamenyo, ukuta kwa ukuta na Mama Zuhura, mjane Mwislamu aliyekaanga sambusa za kuuza. Siku hiyo alituletea sahani nzima.

"Katekista, Kwaresma imeisha. Kula, acha kuzitazama kama mwizi."

"Hajati, sambusa zako ndiyo dhambi yangu ya kwanza kila Pasaka."

"Basi nenda kaungame. Lakini sahani yangu irudi."

Mdogo wangu Solange, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya, alicheka mpaka akapaliwa.

Jioni tulisali rozari kama kawaida. Kwa asiyeijua: mmoja huanza, "Salamu Maria, umejaa neema," akifika katikati hunyamaza, na wengine huitikia nusu ya pili, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Baba ndiye aliyeanza. Solange alipenda kuitikia kuliko sisi sote. Alidakia kabla baba hajamaliza, na baba akamtishia kwa kidole, macho yakiwa yamefumbwa. Hiyo ndiyo jioni ya mwisho ninayoikumbuka bila kujilazimisha.

Wiki hiyohiyo mauaji ya kimbari yalianza. Sisi ni Watutsi. Vizuizi viliwekwa barabarani, na filimbi za wauaji zikaanza kusikika kutoka upande wa Kimisagara.

Ni lazima nieleze alivyofikiri baba, kwa sababu watu wengi wa rika lake walifikiri vivyo hivyo. Katika machafuko ya zamani, akiwa mtoto, alilala kanisani na wazazi wake mpaka hatari ikapita. Waliokuwa wakiwatafuta waliishia uani. Kwa hiyo kwenda kanisani halikuwa jambo la imani peke yake. Yalikuwa maarifa yaliyokwisha kujaribiwa: ukisikia filimbi, beba mkeka na sufuria, nenda parokiani. Kanisani hawaingii.

Mimi nilikuwa na malaria. Mama Zuhura alinigusa shingo, akamgeukia baba.

"Huyu iko na homa. Hawezi kulala kwenye sementi. Mwache kwangu. Na nyinyi bakini."

"Hajati, una mlango wa bati. Kule ni nyumba ya Mungu."

"Na hii unadhani ni ya nani?"

Baba alisema watanifuata kesho, homa ikishuka. Solange alikuwa amevaa sweta langu la kijani, mikono yake imempita vidole. Alinipungia mkono wa sweta, maana mkono wake haukuonekana. Mama alibeba sufuria.

Kesho yake hawakuja. Kesho kutwa walikuja watu wengine.

Nilikuwa nyuma ya magunia ya makaa, jikoni.

Nilisikia bati likigongwa kwa kitu kizito.

"Fungua, mama. Tunatafuta nyoka." Ndivyo walivyotuita Watutsi.

Mama Zuhura alifungua. Alikuwa ametandika mikeka ya sala chumba kizima.

"Ingieni. Ila vueni viatu. Hapa watu wanasali."

Mmoja alicheka. Mwingine, nilimwona kwenye upenyo wa magunia, aliinama akaanza kufungua kamba za kiatu. Panga alikuwa amelibana kwapani.

Mtu akaita kutoka barabarani. Wakaondoka.

Mama Zuhura alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Baadaye nilimuuliza alipata wapi ujasiri. Alisema, "Sikuwa na ujasiri, mwanangu. Nilimwogopa Mungu kuliko wao." Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hayanisaidii katika ninayotaka kuyasema. Imani yake iliniokoa. Sijawahi kulikana hilo.

Mji ulipotulia, mama alirudi. Alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi begani. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kuniagiza chumvi.

"Waliingia," alisema.

Baba aliuawa karibu na mlango. Mama aliangukiwa na watu, naye akaanguka juu ya Solange. Katika giza lile alishika mkono wa sweta, vidole vikiwa ndani. Akanong'ona, "Salamu Maria." Solange akaitikia. Akaanza tena, Solange akaitikia.

"Halafu hakuitikia."

Mama aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

Tulihamia Kimisagara. Nilijifunza kutengeneza mashine za kushona kwa kuzifungua, na mambo mengine kwa kusoma vitabu vilivyotumika, usiku na siku za mvua. Watu wa kanisani waliponiona walisema, "Mungu alikuokoa." Nilikubali kwa miaka mingi. Kisha nikaanza kuifuata sentensi ile mpaka mwisho wake. Kama alituma mbu ili mimi nibaki, basi alimwona pia mtoto aliyevaa sweta langu, ndani ya nyumba yake, akiitikia sala yake.

Mashine ikikataa, natoa kifaa kimoja kimoja nione ni kipi kinachofanya kazi. Nilimtoa Mungu katika maelezo ya wiki zile. Palibaki watu: walioandaa, walioua, waliofunga milango, na mwanamke mmoja aliyetandika mikeka. Hakuna kilichopungua katika maelezo. Sikumkasirikia Mungu. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningemkasirikia.

Lakini kila jioni mama, ambaye sasa macho yake hayaoni, huketi kitandani na rozari. Huanza. Hufika katikati, hunyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia, hata baada ya kuacha kuamini, kwa sababu nilijua kimya kile anakisikiaje.

Mwezi wa nne mwaka huu aliniomba nisimame kanisani, siku ya kumbukumbu, nishuhudie kwamba Mungu aliniokoa.

"Siwezi, Mama."

"Unaogopa watu?"

"Siamini kwamba yupo. Muda mrefu sasa."

Mkono wake ulitafuta rozari kwenye shuka.

"Na hizi jioni zote unazoitikia?"

"Nilikuwa nakuitikia wewe."

"Vestine, mwana wanjye, mwanangu." Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Kama hayupo, mle ndani nilikuwa naongea na nani?"

Nilikuwa na majibu mengi, ya vitabuni. Lililotoka halikuwa la vitabuni.

"Na Solange, Mama. Ulikuwa unaongea na Solange."

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani analia, lakini nilipoinama niliona midomo yake imetulia kabisa.

Jioni ile alianza kama kawaida. "Salamu Maria, umejaa neema." Akafika katikati. Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai, na sikufungua kinywa. Njiani nje pikipiki ilipita ikitafuta gia.

"Vestine?"

"Niko, Mama. Niko hapa."

Akasubiri kidogo zaidi. Kisha akaitikia mwenyewe, polepole, kama anayepanda ngazi asiyoiona.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Yeye anaanza, ananyamaza, mimi nasema niko, yeye anamalizia. Nilimpoteza baba, nikampoteza Solange, na baadaye nikampoteza yule ambaye ningeweza kumuuliza kwa nini. Mama amekosa mwitikio mara mbili, na mara ya pili aliyemnyima ni mimi. Najua nilisema kweli. Najua pia kwamba kila jioni, kabla sijasema niko, kidole gumba chake huacha punje za rozari na kuanza kupapasa ukingo wa mkono wa sweta nililovaa, mpaka kinapopata vidole ndani yake.