Nilimchorea Bibi kivuli kwa programu ya bustani, akaniuliza kibla kiko wapi

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, uani kwetu Makorora. Chumvi sijaongeza, maana Bibi yupo nyuma yangu anachungulia.

Mimi ni mtu wa ndani. Form four yangu ninayo, na riziki yangu ni kuchora bustani za watu kwa laptop nikiwa na kikoi.

Bibi alikuja kwangu mjukuu wake kutoka Mwera kutibiwa goti. Alipopona akaanza kufunga mizigo.

"Mume wangu, uani kwako hakuna kivuli. Alasiri nisukie mkeka wapi, jikoni?"

Huyu ndiye anayenipikia. Na nampenda pia, nisiwafiche.

Nikamwomba wiki moja. Nikachora ua wote: kibaraza chake, njia ya kokoto, na mti kushoto kwa kibaraza. Nilitaka mkungu, lakini kwenye orodha ya miti ya programu haumo, wala mkilua, wala mwasumini. Nikaweka mti wa Ulaya usimame badala yake. Nikasogeza saa ya programu hadi alasiri, kivuli kikalala juu ya kibaraza kama shuka.

Nikachimba shimo la mti siku mbili, kwa mikono hii iliyozoea mouse.

Kisha nikamwamkia Bibi kwa adabu ya mfanyabiashara, nikamfungulia laptop.

"Marahaba. Hapa kibla kiko wapi?"

Nikaonyesha juu ya skrini. Kwetu kibla ni kaskazini, na programu inahesabu juu ndiyo kaskazini.

"Mbona mimi tangu nije naswali kuelekea kwenye shimo lako? Au naswali kombo, mume wangu?"

Nikatoka nikalitazama shimo, kisha jua.

Kumbe nilichora geti chini ya skrini kwa mazoea, dira ya programu sikuigeuza. Geti letu liko magharibi, jua la alasiri linaingilia hapo. Kivuli changu kingeenda kupoza choo.

Nikachimba upya, upande wa geti. Bibi amekalia ndoo, anasimamia.

Somo, wakuu: programu ya bustani kwanza ikuulize kaskazini kabla hujachora, pili iwe na miti yetu. Picha za kung'aa zije baadaye. Na kabla ya yote, muulize anayeswali hapo.

Mkungu sasa unanifika gotini, kivuli tunakipata kwa turubai. Bibi kafungua mizigo. Anasema harudi Mwera mpaka aone kivuli cha mti kikifika kwenye mkeka wake.

Mti naumwagilia, ila sina haraka.

Mwenye programu inayoujua mkungu aitaje hapo chini. Mwenye la kunicheka pia karibu, Bibi keshaanza.